Dawa ya Maji ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi. Meneja nitakuwa mimi au shemeji yangu, yule ninayemwita Tai kwa sababu huvaa tai hata siku ya kufua. Na bahati imejileta yenyewe! Mzee ana kizunguzungu, daktari kampa vidonge, naye anavitema kama mbegu. Eti vinamkaba. Nimemwambia mke wangu nitavigeuza dawa ya maji. Akauliza tangu lini nimekuwa mfamasia. Tai ni kaka yake, lazima amtetee.

Jumanne, 5 Machi
Nimevisaga vyote. Maji, asali, nikatikisa chupa. Unga ukazama chini. Nikakoroga. Ukazama. Nikakoroga kwa hasira. Ukazama kwa dharau! Basi, nikaamua nguvu imeshaingia kwenye maji, yale ya chini ni makapi. Mzee kanywa kijiko cha juu, kalamba midomo, kaniita mwanangu mbele ya Tai. Tai karekebisha tai yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee anazidi kuyumba. Nimemwongezea asali. Tai kadokeza kwamba huenda mzee anakunywa maji matupu. Nikamjibu dawa ya maana haina papara.
Mchana mzee akapanda ngazi dukani kushusha ndoo ya rangi. Kizunguzungu! Tai akamdaka mzee. Ndoo ikanidaka mimi. Naandika haya nikiwa kijani mpaka masikioni.

Jumamosi, 9 Machi
Kikao cha familia. Tai kataka chupa imwagwe. Mama mkwe kaniuliza kama nataka kumuua mumewe. Hapo damu ikanichemka. Nikasema dawa ni salama, tazameni! Nikaibugia yote, makapi yakiwemo. Chungu hiyo! Kisha nikasimama kuwaeleza uadilifu wangu.

Jumapili, 10 Machi
Niko hospitali. Naambiwa nililala neno likiwa limefika "uadi", nikamwangukia Tai begani, nikamdondoshea udenda kwenye tai.
Mfamasia amekuja kunisomesha. Dawa ile haiyeyuki kwenye maji. Yote ilikuwa chini ya chupa: mzee kanywa asali siku zote, mimi nimebugia dozi zake zote kwa mkupuo. Eti dawa isipoyeyuka tumboni haifiki kwenye damu, na ile huyeyuka vizuri tumbo likiwa na chakula. Kuna dawa ya kusaga na isiyosagwa, niwe nauliza kwanza. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.
Jioni mzee kaja. Hakugomba. Kanishika mkono, akasema: "Umenitisha, wewe mtoto." Nikalia kidogo. Ndipo akasema meneja ni Tai. Nikalia vizuri.

Jumatano, 13 Machi
Nimetoka. Mzee sasa anameza vidonge vyake na uji, wala hayumbi. Tai ananiuliza hali kwa upole, mnafiki.
Haidhuru. Mwenye kauli pale nyumbani ni mama mkwe, naye analalamika kwamba vidonge vyake vya maumivu, vile vyenye ganda la kung'aa, ni vikubwa mno. Kwenye boksi wameonya visivunjwe, visisagwe, visitafunwe. Safari hii nimesoma maelekezo! Sitavunja. Sitasaga. Sitatafuna.
Nimenunua msasa laini kabisa.