Mvua ya Kwenye Daftari

Jumatatu, 4 Machi

Zimebaki wiki nne kukabidhi jengo la maktaba. Huu ndio mkataba wa mwisho kutiwa saini na marehemu baba. Nikichelewa bila kibali utavunjwa, kazi apewe mkandarasi mwingine. Uso nitauweka wapi?

Ijumaa mwenye jengo kaleta barua: mlango mkuu uhamie upande wa pili. Ukuta ubomolewe, ujengwe upya. Siku kumi na mbili hizo! Dada yangu, anayeshika ofisi, kasema niandike barua ya kuomba muda, maana mkataba unatupa siku saba tu za kulalamika. Nikamwambia baba hakuwahi kumwandikia mwenye jengo barua ya malalamiko. Baba alichora ratiba kwa chaki kwenye mlango wa stoo, nyeupe kwa kazi iliyokwisha, nyekundu kwa iliyobaki. Likitokea la kutokea, alimkalisha mwenye jengo juu ya tofali, yakaisha. Namkumbuka mno na vumbi lake la chaki kwenye nyusi. Dada kajibu kwamba chaki haina muhuri.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Mvua! Nani atagombana na mvua? Mkataba unatoa siku moja ya nyongeza kwa kila siku ya mvua kubwa. Kwenye daftari la saiti, ukurasa wa kulia ni wa fundi mkuu, huandika kazi iliyofanyika. Wa kushoto ni wangu, hali ya hewa, na sijaugusa tangu Februari ianze. Uvivu wangu umetuokoa.

Basi leo nimenyesha siku kumi na mbili mfululizo. Kalamu tatu tofauti, ili ionekane kazi ya siku nyingi. Siku mbili nimeongeza upepo. Raha niliyoipata sijaipata tangu mimi na Rula tulipokuwa wanagenzi, tukimwapia baba kwamba tumemwagilia ukuta mpya ili saruji ishike, na ndoo zenyewe kavu.

Rula leo ni msimamizi wa mwenye jengo. Tulikula sahani moja miaka minne. Sasa ananiita Bwana Mkandarasi, na kupima hata kivuli.

Alhamisi, 7 Machi

Rula amekuja. Kasoma daftari polepole, kidole kikitembea. Kauliza kama tarehe 14 Februari kweli ilinyesha. Nikasema ilimwaga, watu walishindwa kutoka nje. Akageuza kidole ukurasa wa kulia. Tarehe 14, fundi mkuu kaandika kwa mwandiko wake mzuri: tumemwaga zege la mkanda wa juu, kazi imekwenda vizuri sana.

Mkanda unaobeba paa zima!

Rula akasema zege lililomwagwa kwenye mvua kubwa halikubaliki, litavunjwa lote. Au haikunyesha. Nichague. Nikajaribu kusema ilinyesha upande wa stoo tu. Fundi mkuu akaomba ruhusa ya kwenda kutazama mbao. Rula kanipa hadi kesho jioni. Sijala.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Rula, nikasema haikunyesha. Hata tone. Nikaeleza habari ya mlango, na kwamba niliogopa kugombana na mwenye jengo. Rula akauliza, kwa sauti ile ya zamani, kama nadhani mzee hakujua kuhusu zile ndoo. Kumbe alijua! Alikuwa akiamka alfajiri kumwagilia ukuta mwenyewe, na Rula alimwona, akaona haya kuniambia. Machozi yalinitoka, siyafichi.

Akanisukumia karatasi. Siku saba zilikuwa zinaisha leo saa kumi na moja. Nikaandika: mlango umehamishwa, naomba siku kumi na mbili. Mistari mitatu tu! Kagonga muhuri saa kumi na moja kasoro dakika nne. Akasema kwa sababu ya mlango hakuna atakayeninyima, na mwenye jengo wala hatakasirika. Sharti lake moja: daftari lijazwe bila kuchelewa hata siku moja. Nimeapa kwa kaburi la baba.

Jumapili, 10 Machi

Mkataba umepona. Kiapo ni kiapo, na mimi si mtu wa kurudia kosa. Hakuna tena kuchelewa kujaza daftari!

Nimekaa mezani tangu asubuhi na nimemaliza mwezi mzima ujao, kurasa zote mbili, nisimsumbue fundi mkuu. Jua kila siku. Paa linakwenda vizuri. Tarehe 12 Aprili nimeandika kwamba Rula kaja kukagua, karidhika, kaniita kwa jina langu, tukakaa juu ya tofali tukanywa chai hadi jua likazama.