Kamati ya Kudhibiti Uelewa wa Mapema

Uongozi wa chuo chetu cha ualimu hapa Tarime uliutangazia umma kwamba tatizo sugu la wanafunzi kuelewa somo kabla ya muda sasa linakomeshwa. Tangazo lilisomwa mstarini Jumatatu asubuhi, mara baada ya wimbo wa taifa. Aliyelisoma ni mimi, Mwikwabe, Mkufunzi Mwandamizi, Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo na, kuanzia dakika ile, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Uelewa wa Mapema. Wanachuo walipiga makofi. Wanachuo wetu hupiga makofi vizuri; tumewafundisha.

Aliyetufikisha huko ni mwanachuo wa mwaka wa mwisho aitwaye Nyangi, binti wa kijiji cha Genkuru. Tulikuwa tumempeleka kufanya mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya msingi upande wa Kisaka, nami nikaenda kumtathmini. Somo lilikuwa Hisabati, darasa la tatu, nusu na robo. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Kulikuwa na utangulizi, maarifa mapya, mazoezi, na katika hatua ya mwisho kabisa, wanafunzi kuelewa.

Nyangi akaingia darasani na ugali.

Ulikuwa ugali wa mtama, bado unatoa mvuke. Akauweka mezani, akaukata katikati, akawauliza watoto kwa Kikurya kila mmoja hubakiwa na kipande gani kwao wageni wakija. Darasa likachangamka kama mnadani. Akaukata tena. Mimi sijakaa sawasawa kwenye dawati, watoto wameshaelewa. Walielewa wote, hata yule wa nyuma ambaye mwalimu mkuu alikuwa amenihakikishia kwamba haelewi kitu.

Nikamwita barazani.

"Nyangi, unajua ulichokifanya?"

"Nimefundisha, Mkufunzi."

"Watoto wameelewa hatua ya pili. Andalio linasema wataelewa hatua ya nne. Hizo hatua zilizobaki zina kazi gani sasa?"

"Tumezitumia kula ugali."

"Na ile lugha?"

"Ndiyo wanayoielewa."

"Hapo hapo ndipo penye tatizo," nikamwambia, kisha nikamfelisha.

Asiyefaulu vitendo hapati cheti. Na Nyangi asipopata cheti, baba yake, mzee Joel, alikuwa na mipango mingine iliyohusu kijana wa jirani na ng'ombe wa kijana huyo. Binti aliniambia hayo akinitazama usoni. Nilimjibu kwamba chuo hakiingilii mila.

Hata hivyo sisi si wakatili. Kamati ilikaa, chapati na soda zikiwepo, tukalitafakari suala lake. Wajumbe walikuwa wawili. Mkufunzi Gidion anafundisha Falsafa ya Elimu. Madamu Felista anafundisha Saikolojia ya Mtoto. Amemsoma mtoto kwa kina kirefu na hukereka sana akimwona. Madamu Felista ndiye aliyetupa tafsiri rasmi: uelewa wa mapema ni hali ya mwanafunzi kujua jambo wakati mwalimu bado ana maelezo yake.

Tuliazimia Nyangi arudie somo lile lile mbele ya kamati, bila ugali, bila Kikurya, na watoto wasielewe hadi mwisho. Tukamwita tumweleze.

"Na wakielewa katikati, niwafanyeje?" akauliza.

"Wazuie," nikasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maneno," akadakia Mkufunzi Gidion. "Maneno yapo mengi, binti. Ndiyo sababu kuna chuo."

"Nitajaribu. Ila watoto wa kule ni wepesi, msije mkanilaumu."

Siku ilipofika tukaenda Kisaka kwa gari la chuo. Tulimkuta pale mthibiti ubora wa shule, Bi. Jerioth Ogweno, mama mrefu asiyecheka ovyo. Alikuwa amekuja kukagua shule bila kutoa taarifa, jambo ambalo binafsi silioni la kiungwana. Aliposikia kuna kamati, akaomba kuketi nasi nyuma ya darasa.

Nyangi akaanza vizuri. Aliandika ubaoni tafsiri ya sehemu tuliyompa, akaisoma, akaanza kuifafanua. Watoto walioingia wakisukumana wakanyamaza mmoja mmoja. Wale wa mbele wakaanza kutazama dirishani. Nilimnong'oneza Madamu Felista kwamba binti ameiva. Ndipo Nyangi akasimama katikati ya sentensi, akawatazama wale watoto, akaweka chaki mezani.

"Siwezi, Mkufunzi."

"Huwezi nini?"

"Kuwapumbaza makusudi. Kama cheti chenyewe ndicho hiki, bakini nacho." Hakuinamisha kichwa.

Bi. Jerioth akageuka taratibu. "Kuwapumbaza makusudi ni agizo la nani?"

Nikasimama, maana heshima ya kamati ilikuwa hatarini. "La kamati, Bi. Jerioth. Mimi ndiye mwenyekiti."

Nikamweleza sera yetu, malengo yake mapana na malengo yake mahususi. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akafunga kalamu yake.

"Kamati yenu nimeielewa mapema sana," akasema. "Sasa nionyesheni inavyofanya kazi. Somo ni hilo hilo, watoto ndio hawa. Karibuni ubaoni."

Mkufunzi Gidion alipokea simu ambayo haikuwa imeita, akatoka nayo nje. Madamu Felista alisema yeye ni wa Saikolojia na hawezi kuvamia Hisabati. Nikabaki mimi, ambaye sikuwa nimesimama mbele ya mtoto tangu nilipopandishwa cheo.

"Wanafunzi," nikaanza, "sehemu ni uhusiano wa kiulinganifu baina ya kitu kamili na migawanyo yake sawia."

Nilikwenda hivyo mpaka kengele. Kwa vigezo vya kamati, lilikuwa somo la mfano: hakuna mtoto aliyeelewa katika hatua yoyote. Nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukanyooshwa, ukaomba kwenda chooni. Nikaruhusu, likaenda darasa zima.

Hawakurudi. Bi. Jerioth akamtazama Nyangi. "Nenda ukawamalizie."

Nyangi akatoka mbio. Tulimsikia kule uwanjani akiwapigia kelele kwa Kikurya, nusu huku, nusu kule, sasa kila nusu ijigawe tena. Tulipochungulia dirishani watoto walikuwa wamesimama makundi manne, na kila kundi likiimba kwamba lenyewe ni robo.

Siku ile ile Bi. Jerioth aliamuru Nyangi apewe alama zake zote. Kuhusu kamati, alipendekeza wajumbe wote warudi kwenye mafunzo kwa vitendo kwa muhula mzima, na waliokuwa juu yetu wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Gidion alipelekwa Ringwani. Felista alipewa darasa la awali, wale wadogo kabisa wanaopanda mapajani. Mimi nikabaki Kisaka. Chuo kilitangaza kwamba ni mpango wa kuwajengea uwezo wakufunzi, nami naunga mkono tamko hilo kwa asilimia zote.

Kwa kuwa shule ilimng'ang'ania Nyangi abaki kufundisha kwa kujitolea wakati akisubiri ajira, ndiye niliyepangiwa kuwa mwalimu wangu mlezi. Baba yake alikuja kumtembelea. Alinikuta nimebeba boksi la chaki.

"Wewe ndiye mwanafunzi wa binti yangu?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo."

"Marahaba. Msikilize, ana akili huyo. Wale wa ng'ombe nimewaambia watafute kwingine."

Juzi nimefundisha saa, yaani jinsi ya kuisoma. Nilikosea mishale mbele ya darasa, wa dakika nikauita wa saa. Mtoto mmoja aitwaye Nice akacheka, na darasa lote likamfuata. Nilisubiri watulie. Walipotulia hawakutazama dirishani. Walikuwa kimya, macho mbele, midomo wazi kidogo. Sikuwahi kuona hali ile na niliihofia. Nikamuuliza Nyangi, aliyekuwa ameketi nyuma, kama niwatoe nje.

"Hapana, Mwalimu. Endelea. Wanasikiliza."

Nikageuka kutazama nyuma yangu, nione ni nani wanayemsikiliza.