Kamati ya Spika za Ikonge

Umma unafahamishwa kwamba wananchi wa Ikonge sasa wanachuchumaa kwa sauti iliyoidhinishwa. Zamani walichuchumaa ovyo, kila mtu na mdundo wake. Idara yetu, Idara ya Unyumbufu wa Wananchi, iliona aibu hiyo ikasema imetosha. Ndipo ikaundwa Kamati ya Spika, ambayo mimi, Jasper Ogeto, nilikuwa katibu wake. Nasema "nilikuwa" bila uchungu wowote.

Ukumbi wetu wa mazoezi ulikuwa ghala la mahindi, na paa lake ni la mabati. Jumanne na Alhamisi jioni, majani chai yakishapimwa, watu walioonywa na daktari kuhusu presha huja hapo kujinyoosha. Mwalimu wao ni Roselyne, binti mwenye mapafu mazuri sana. Lakini jioni za Ikonge zina mvua, na mvua ikishika bati unamwona Roselyne akifungua mdomo tu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Duncan Makori, hakukosa kipindi hata kimoja. Alisimama mstari wa mbele kwa kaptura ya buluu inayong'aa, apigwe picha akiwaongoza wananchi kwa mfano. Picha ikishapigwa alisimama tu, akisubiri pumzi imrudie.

Tatizo lilikuwa nje. Chini ya dirisha, kwenye matope, alifanya mazoezi peke yake mama mmoja muuza ndizi aitwaye Damaris. Nilimwendea kwa heshima zote, nikamwita Omong'ina, kama tunavyowaita mama wazima.

"Omong'ina, mbona huingii? Ni bure."

"Siwezi, mwanangu. Mkwe wangu ako ndani."

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, hiyo inaitwa chinsoni. Ni ile heshima ya wakwe. Mama hapeani hata mkono na mume wa binti yake, sembuse mmoja kuinama mbele ya mwingine na kuelekeza makalio mlangoni. Ukivunja chinsoni, samahani haitoshi. Wazee wanakaa, na mbuzi anaanza kuwa na wasiwasi.

Kwa hiyo Damaris alifanya mazoezi kwa masikio. Roselyne akisema inua, anainua. Mvua ikinyesha, anakisia. Siku moja darasa lilikuwa limelala chali likipumzika, naye huko nje alikuwa bado anaruka, akaruka mpaka akashikwa na kizunguzungu na kuukumbatia ukuta. Muuguzi alimwambia wazi kwamba presha yake haitaki kubahatisha, afanye sawasawa au itamlaza. Yeye aliomba kitu kimoja tu, spika ndogo pale nje.

Sikumuuliza mkwe wake ni nani. Afisa hachunguzi mambo ya nyumba za watu. Nilipeleka ombi kwenye kamati.

"Huyo mama yuko kwenye mpango wetu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yuko ukutani, mkubwa."

"Ukutani upande gani?"

Tulilijadili hilo mpaka chai ikaletwa. Ikaazimiwa kwamba ukuta una pande mbili, na kwamba idara ilikabidhiwa upande mmoja tu. Ombi likakataliwa kwa masikitiko.

Kisha tukaenda Kisii mjini, kwenye duka la vifaa vya muziki la Yakub. Yakub alitusikiliza vizuri, akaleta spika mbili ambazo mtoto angeweza kubeba.

"Hizi zinawatosha," alisema. "Moja ndani, ingine nje. Mwalimu anavaa maiki ya kichwa, hapigi kelele tena."

"Bwana Yakub," Mkurugenzi akasema, "serikali haitoshelezwi na vitu vya kutosha. Ile kubwa pale ni ya nini?"

"Ile? Ile ni ya matanga, boss. Ya matanga na siasa. Hiyo unaongea huku, wanajibu ng'ambo ya kilima."

Hapo macho ya Mkurugenzi yakawaka. Kwetu spika hupimwa matangani. Anayepalilia ng'ambo ya bonde akisikia ni shemeji yupi analia kwa moyo na yupi analia kwa adabu, spika imefaulu. Mkurugenzi alishika maiki akasema, "Helo." Wauza viatu upande wa pili wa barabara walikunja maturubali wakatoka mbio, wakidhani ni kanjo, wale askari wa kaunti wanaofukuza wachuuzi. Tukachukua nne.

"Boss, hii si ya gym," Roselyne alisema lori lilipofika Ikonge. "Mimi nilitaka tu kitu ya kusikika."

"Utasikika," Mkurugenzi alimhakikishia.

Na kweli alisikika. Jumanne ile alisema, "Vuta pumzi," na soko zima likavuta pumzi. Mwenye bucha alionekana akizungusha mabega. Wa bodaboda walinyoosha mguu mmoja mmoja juu ya pikipiki. Na nje ya dirisha, mvua ikinyesha, Damaris alisikia kila neno kwa mara ya kwanza. Aliinua kwa wakati, akashusha kwa wakati, akapumzika wenzake walipopumzika. Alinichekea kwa furaha, meno yote nje. Nami nilifurahi, sitaficha, nikajiona afisa wa maana.

Asubuhi yake kikaitwa kikao cha dharura. Sauti ilikuwa inavuja.

"Watu wasiojiandikisha wanapata unyumbufu," Mkurugenzi alisema. "Kuna mtu wa bucha amegusa vidole vya miguu! Nani alimruhusu?"

Bathsheba, mshauri wetu wa sheria, alifafanua kwamba sauti iliyonunuliwa kwa ajili ya umma haiwezi kuachwa ichukuliwe na umma hivi hivi. Kufikia saa nane madirisha yalikuwa yamezibwa na kuta zote zimepigiliwa magodoro ya sponji.

"Na hewa je, boss?" Roselyne aliuliza.

"Hewa haiko kwenye bajeti ya sauti."

Ilibidi pia spika zipunguzwe hadi zikawa zinanong'ona, kwa sababu katika majaribio fundi alitoka na meno yakigongana. Damaris alikuja jioni hiyo kuulizia kipindi cha kesho yake. Aliweka sikio ukutani, akabadilisha, akaweka la pili.

"Ogeto, hii ukuta imekuwa bubu."

"Hayo ni mafanikio, Omong'ina," nilimjibu.

Aliondoa sikio ukutani. "Basi kesho mimi naingia."

"Na mkwe?"

"Nimemzalia bibi. Mdogo ndiye anampisha mkubwa. Mimi sitakufa nikilinda heshima ya kaptura."

Alhamisi ilikuwa siku ya uzinduzi rasmi. Mgeni wa heshima kutoka makao makuu alikaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe, jasho likimtiririka, kwa maana ukumbi ulikuwa haupumui tena. Ratiba ilisema Mkurugenzi ataonyesha zoezi la kugusa vidole, kisha atasoma hotuba. Alisimama akimtazama mgeni, mgongo mlangoni, akainama. Kwa kitambi kile ilichukua muda, lakini hatimaye kichwa kilifika chini na akawa anaona nyuma kupitia katikati ya miguu yake.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na Damaris akaingia na rinda la kanisani na raba nyeupe.

Nimewahi kumwona Mkurugenzi mbele ya wakaguzi wa hesabu. Aliwachezea kama watoto. Lakini alipomwona mama mzazi wa mke wake, kichwa chini miguu juu, alitoa sauti ambayo kamati haikuwa imeidhinisha. Alinyakua mkeka, akajifunika kuanzia kifuani hadi magotini, akarudi kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma, akapotea. Damaris naye alikuwa ameshageuzia uso ukutani zamani, kwa heshima, mpaka aliposikia mlango umefungwa.

"Mkurugenzi ameenda wapi?" mgeni aliuliza.

"Ameenda kukagua upande wa pili wa ukuta," nilisema.

"Mama, karibu hapa mbele," Roselyne alisema. "Hapa kuna nafasi."

Damaris akasimama pale pale penye nafasi ya kupigiwa picha. Mvua ilishika bati, Roselyne akaongeza sauti kidogo, na yule mama akafanya kila zoezi tangu mwanzo hadi mwisho bila kubahatisha. Uso wake ulitulia nikasikia raha moyoni. Mgeni alisimama akapiga makofi, akampa maiki aseme neno kwa niaba ya wananchi.

"Mbuya mono, vizuri sana," Damaris alisema. "Nashukuru huyo kijana amenipisha."

Mgeni alisema hiyo ndiyo hotuba bora aliyowahi kusikia kwenye idara yetu, na kwamba haoni haja ya nyingine.

Nilitoka nje kumpa Mkurugenzi taarifa. Alikuwa chini ya dirisha, kwenye matope, mkeka kichwani, kaptura imelowa, sikio limebandikwa ukutani.

"Ogeto! Wanasema nini juu yangu?"

"Mkubwa, sauti ya ndani hairuhusiwi kuvuja."

"Mimi ndiye niliyesema hivyo!"

"Ndiyo, mkubwa. Inatekelezwa vizuri sana."

Maji yalimtiririka puani. Kisha akasema kwa unyonge ambao sijawahi kuusikia kwake, "Basi niwekeeni hata kaspika kadogo hapa nje."

Nilimwahidi kulipeleka ombi kwenye kamati.

"Mwenyekiti wa kamati si ni mimi?"

"Ni wewe, mkubwa. Lakini kikao kiko ndani, na ndani kuna mama."

Nikarudi ndani, maana mvua ilikuwa inazidi.