Mwongozo wa Mji wa Mawe Yanayoanguka Juu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata wazo. Wazo kubwa! La kutuokoa sote! Nimelipata nikiwa chini ya kitanda cha chumba namba nne, nikitafuta kijiko.

Kwanza nieleze hali ilivyo, ili wajukuu zangu wakiisoma shajara hii wasitangetange. (Wajukuu bado sina. Mke pia sina. Mambo huja kwa zamu.) Dada yangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Mimi naishi chumba cha uani, tangu ofisi ya mizani ya mgodi ilipopunguza makarani. Mgeni wa mwisho alilala hapa mwezi wa pili, na huyo alikuwa amepotea njia. Leo asubuhi Dada amekunja mashuka ya vyumba vyote, akayatia kwenye sanduku la bati, akatangaza kwamba mwezi huu ukiisha bila mgeni, anafunga nyumba na kuhamia kwa binti yake huko bondeni. Nikamuuliza, na mimi je? Akanijibu kwamba nina miaka arobaini na mitatu na miguu miwili mizima.

Nyumba hii waliijenga yeye na marehemu shemeji, tofali kwa tofali. Aliposema anafunga, sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayezungumzia dirisha. Hapo ndipo nilipoingia chini ya kitanda. Kijiko kilikuwa kisingizio.

Wazo lenyewe: nitaandika mwongozo wa msafiri! Watu hawaji kwa sababu hawajui kama tupo. Nani asiyetaka kuuona mji ambao mawe huanguka juu? Ndiyo, juu. Mwamba wetu ukikatwa hauendi chini kama mawe ya watu wengine, hupaa. Ndiyo maana uwanja wa mgodi umefunikwa wavu, toroli zimefungwa minyororo, na mizani yetu imening'inizwa kichwa chini. Sisi tumezoea. Tunaona kawaida tu.

Nimemweleza Dada mpango mzima. Akauliza kama kijiko nimekipata.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza. Nimeamua kupima umbali wote kwa hatua zangu mwenyewe. Kutoka stendi ya malori ya mgodi nikafika hatua mia mbili na kumi, muuza mkaa akanisalimia. Akataka habari za nyumbani, za afya, za Dada, za goti la Dada. Hesabu ikayeyuka. Nikarudi stendi. Hatua mia tatu na nne, fundi viatu akanisalimia. Mara ya tatu nikapita nimeinamisha uso, simwitikii mtu, midomo inachezacheza kwa kuhesabu. Kufika saa nne mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba kwetu kuna msiba. Watu saba wamekuja kutupa pole. Mmoja ameleta viti. Dada hanisemeshi.

Baya zaidi ni kinyozi. Huyu kinyozi wa njia panda tulisoma naye darasa moja. Ana meno mengi kuliko mahitaji yake, na huniita "ndugu yangu" mbele za watu. Amesikia habari za mwongozo, naye ametangaza kwamba anaandika wake. Eti vichwa vyote vya mji humpitia mkononi, hivyo anajua yaliyomo. Wivu mtupu!

Nimeandika kwenye daftari: "Kinyozi wa njia panda: msafiri mwenye nywele anazozipenda na apite upande wa pili."

Jumatano, 5 Juni

Nimeingia mgodini. Miaka kumi na tisa nimeyapima mawe yake bila kukanyaga ndani. Nyapara, mzee wa maneno machache, akanipa viatu vyenye nyayo za chuma. Nikasema vinabana. Akasema havikutengenezwa kwa ajili ya harusi.

Katika njia ya pili nikaona vijiwe vya buluu vikihangaika ndani ya wavu kama vifaranga. Vizuri kweli! Nikamfikiria Bi Chapa, mjane mwenye mashine ya kupiga chapa karibu na posta. Nikaona atafurahi kuviweka juu ya karatasi zake zisipeperuke. (Baadaye nimegundua kasoro ya zawadi hiyo.) Nyapara alipogeuka nikatia vinne kwenye mifuko ya koti. Kisha nikavua kiatu kimoja ili nikune kisigino.

Ghafla nikaona kofia ya nyapara ikiwa chini yangu.

Nimekaa darini mwa mgodi tangu saa nne hadi saa saba, mgongo umebanwa kwenye mwamba. Nyapara alinikataza kutoa mawe mifukoni, kwa sababu ningeshuka haraka kuliko ambavyo ningependa. Ikabidi waende kutafuta kamba. Wachimbaji wakakaa chini yangu wakala chakula cha mchana. Mmoja akauliza hali ya hewa huko juu ikoje. Nimemjibu kwa heshima. Wamecheka hata hivyo.

Nilipogeuza uso, taa ya kofia yangu ikamulika alama za mikono. Viganja, makumi kwa makumi, vimegandamizwa kwa udongo na masizi. Vikubwa, vidogo, kimoja hakina kidole cha pete. Nyapara akaeleza kutoka chini kwamba hao ni wachimbaji wa mwanzo. Zamani, kabla ya kamba na wavu, mtu alijaza mawe mifukoni, akapaa kufanya kazi, na akifika juu akaacha kiganja chake. Siku hizi hapandi mtu.

Nimeandika sentensi chache kuhusu alama hizo. Kisha nimezikata. Msafiri akisoma atadhani hatupigi deki.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempelekea Bi Chapa maandishi yangu. Amesoma yote, miwani puani, wino kidevuni. Kurasa kumi na mbili! Maporomoko ya maji! Bustani ya ndege! Ukumbi wa muziki wenye viti vya mahameli!

Aliuliza maporomoko yako wapi. Nikaeleza kwamba bomba la nyuma ya soko hupasuka kila wiki. Akauliza bustani. Nikamtajia kuku wa fundi viatu. Akapiga mstari mwekundu kurasa tisa, bila hasira, kama anayepalilia. Kisha akasimama kwenye mistari niliyokuwa nimeikata mwenyewe, akaisoma kwa sauti ya chini: "Juu kabisa, ambako taa zetu hazifiki, kuna mikono ya waliotutangulia. Bado imeshikilia mwamba."

Akavua miwani.

"Karani, hili umeliandika wewe?"

Nikakiri, nikaomba radhi. Akasema hilo ndilo la ukurasa wa kwanza, na kama sikubali, nikatafute mashine nyingine. Nimekubali. Ni vigumu kubishana na mtu mwenye wino kidevuni.

Vijiwe sikumpa. Koti langu bado limefungwa kwenye nguzo ya uani.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Nakala mia mbili zimechapwa, na lori la mgodi limezipeleka stesheni ya reli huko bondeni, zigawiwe bure kwa abiria.

Ramani nimeichonga mwenyewe kwenye kibao. Bi Chapa alikuwa anapanga herufi, akaniambia bila kugeuka kwamba nichonge kinyume. Maskini, kachoka. Kinyume cha nini? Kulia ni kulia. Nimechonga sawasawa, na sikumsumbua kwa maelezo.

Kinyozi naye ametoa mwongozo wake: karatasi moja, ameibandika mlangoni kwake. Kivutio cha kwanza cha mji ni kioo chake. Cha pili ni yeye, ndani ya kioo. Nimecheka hadi kona ya posta.

Dada ameuliza tu kama nimeandika kwamba vyumba vina madirisha mawili mawili. Nimesahau. Nikamwambia ndiyo.

Jumanne, 11 Juni

Siku tatu hakuna mtu. Jana Dada alikibandua kibao cha "Karibu Wageni" mlangoni. Alisema anakisafisha. Sikumwona na kitambaa.

Leo saa tano nikawaona wanapandisha mtaa wetu. Mbele kinyozi, begi mkono huu, begi mkono ule, meno yote nje. Nyuma yake wanaume watatu wenye vipara vinavyong'aa juani, na mama mmoja mzee mwenye mkoba wa ngozi. Mkononi mwa kila mmoja, mwongozo wangu!

Maelezo yamenichoma. Ramani imetoka kinyume, kulia imekuwa kushoto. Njia panda wote wanne walikata upande wa kinyozi, na alama ya nyumba yetu ikawafikisha kwenye kiti chake. Yeye akadhani ni wateja. Wale wanaume wakadhani ndio utaratibu wa kuwapokea wageni mji huu, wakaona haya kukataa. Akawanyoa wote watatu! Yule mama ndiye aliyeukataa wembe, akamwonyesha ukurasa wa kwanza na kuuliza mikono iko wapi. Hapo kinyozi akaelewa. Akafunga duka mchana kweupe, akabeba mizigo.

"Ndugu yangu," akaniambia mbele ya Dada, "ramani yako nzuri sana."

Hila tupu. Anataka nini huyu? Dada amemkaribisha chai na kumshukuru mara mbili. Kisha akalifungua lile sanduku la bati. Nimemsikia akitandika chumba namba nne huku anaimba. Sauti yake imepata kutu kidogo, lakini ni ile ile ya zamani.

Jumatano, 12 Juni

Sina utani leo.

Yule mama ni mwalimu mstaafu. Nilimpa shikamoo, akaniuliza moja kwa moja kama kweli nimeiona mikono kwa macho yangu. Nikasema nimeiona, pua ikigusa. Akaeleza kwamba bibi yake, mzaa mama, alikuwa mchimbaji hapa akiwa msichana. Mnyororo wa toroli ulimkata kidole cha pete. Uzeeni alikuwa akiwaambia kwamba ameacha mkono wake juu ya mwamba, mahali mawe yanakoangukia. Nyumba nzima ilimwona ameanza kupoteza akili. Hata yeye Mwalimu, akiwa mdogo, alicheka pamoja na wenzake. Bibi akaacha kusimulia.

Mgodini tukamvalisha koti la nyapara, mawe mifukoni, kamba kiunoni. Mimi na nyapara tukashika kamba. Akapaa taratibu, kama mvuke, viatu vyake vya heshima vikining'inia. Wachimbaji waliweka nyundo chini. Akatembeza taa kiganja hadi kiganja, muda mrefu. Kisha ikasimama.

"Nimemwona," akasema.

Hakusema ameuona. Amemwona. Akavua glavu, akaweka mkono wake juu ya ule usio na kidole cha pete, akabaki hivyo. Nilimsikia anasema, "Bibi, nisamehe." Kamba ikaanza kutetemeka. Nyapara akaninong'oneza kwamba ni mimi ninayeitetemesha. Mgodini kuna vumbi jingi sana. Lazima niliandike hilo.

Mchana amemwambia Dada kwamba anawaandikia ndugu zake waje wote. Wako saba. Dada ameuliza kama wanalala wawili wawili.

Jumamosi, 15 Juni

Kibao cha mlangoni kimerudi, kimepakwa rangi mpya. Dada amesema huko bondeni kuna joto, binti yake atakuja mwenyewe kumwona. Amenipa nyama ya pili mezani bila mimi kuomba. Wale vipara watatu wameongeza siku. Wanasema hawawezi kurudi kwa wake zao hadi nywele ziote.

Bi Chapa yuko tayari kuchapa nakala nyingine mia tano. Kazi iliyobaki ni ya nusu siku tu: nichonge ramani upya, safari hii nimsikilize. Pia anadhani ingefaa nimshukuru kinyozi. Nikamjibu kwamba mambo madogo kama hayo yatasubiri, kwa sababu nimepata wazo. Wazo kubwa! Nitaandika mwongozo wa bahari!

Akauliza kama nimewahi kuiona bahari. Nikasema hapana, na hiyo ndiyo nguvu yangu: mgodi nilikwenda kuuona, na kila mtu anajua yaliyonipata.

Amecheka hadi akaegemea mashine. Alipotulia akafuta macho, wino ukahamia shavuni, akasema Jumamosi ijayo lori la mgodi linashuka stesheni, na kutoka hapo ni siku mbili kwa treni. Ana dada yake huko pwani, tutafikia kwake. Yeye pia hajaiona bahari. Duka atalifunga wiki nzima. Mimi nibebe kikapu.

Moyo wangu! Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Sharti langu ni moja tu: kitabu kichapwe kwanza, ndipo tuondoke. Tayari nimemaliza sura ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana. Inaeleza njia za mkato.