Ombi la Mkalimani kati Yangu na Naw Hser Mu

Mtaa wa Nne, kambini
Mpakani mwa Thailand na Burma

Ndugu Mtathmini,

Natumaini ulifika mjini salama, na kwamba tope la barabara yetu halikukichukua na kile kiatu cha pili.

Mimi ni yule mzee uliyemkuta akitafuna tambuu kwenye ngazi ya zahanati. Niliingia kambi hii nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Kwetu, ng'ambo ya mto, nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa nimewafundisha watoto majina ya mito ambayo hawajawahi kunywa maji yake.

Ulikuja kupima zahanati inaendaje tangu wafadhili wa kigeni wafunge mizigo na kumkabidhi uongozi Naw Hser Mu, muuguzi wetu, mzaliwa wa mtaa huu. Ulituwekea mkekani picha tatu za nyuso: mmoja anacheka, mmoja ametulia, mmoja amekunja uso. Enzi za wageni sote tulikuwa tukigusa anayecheka, mwaka baada ya mwaka. Safari hii wengi tumemgusa aliyekunja uso. Sasa mwenyekiti wa kambi anasema utapendekeza Naw Hser Mu aondolewe kabla ya mvua kubwa na wageni warudi. Nimeona ni haki nikueleze kwa maandishi kwa nini kidole changu kilikwenda pale kilipokwenda.

1. Naw Hser Mu ananijua. Daktari mgeni alikuwa akiniuliza, kupitia mkalimani, kama ninakula samaki wetu wa kuchachushwa kwa chumvi, maana nina presha. Nilijibu kwamba sijawahi. Mkalimani, ambaye tulikuwa tukila naye chungu kimoja, alitafsiri jibu langu kwa uaminifu mkubwa, daktari akanisifu, tukaagana kwa heshima. Huyu wa sasa ukuta wa jiko lake na wa kwangu ni mianzi ileile. Hakuniuliza chochote. Alitazama kipimo, akasema mbele ya benchi zima, "Mjomba, jana ulirudia mara mbili. Nilisikia mwiko." Nauliza, Ndugu: siri ya mgonjwa iko wapi?

2. Chakula cha mchana. Kwetu mtu hali huku mwenzake amesimama. Wageni walikuwa wakifunga mlango, wanakula, wanafungua; hatukuelewa, lakini tulizoea. Wauguzi wa sasa wanamkaribisha kila aliyeko kwenye benchi. Matokeo yake, watu wenye afya nzuri kabisa walianza kuumwa mchana, hasa siku za supu ya machipukizi ya mianzi. Mimi mwenyewe nilipata kizunguzungu mara kadhaa. Sasa Naw Hser Mu amebadilisha saa ya kula bila kututangazia, na kila siku anaibadilisha tena. Huu si uwazi.

3. Dawa. Zamani ukienda na goti, na jino au na huzuni, ulirudi na vidonge vyeupe ndani ya kifuko cha plastiki kizuri, ambacho baadaye kilifaa kuhifadhia mbegu za pilipili. Mwezi uliopita nilipeleka goti. Naw Hser Mu alilipinda, akalinyoosha, akaniambia dawa yake ni kutembea, na kwa kuwa nitatembea, nipite Mtaa wa Saba nikamwulize mzee Saw Pleh kama kidonda chake kimekauka. Nimekwenda kila asubuhi tangu siku hiyo. Goti limeacha kuuma, lakini kifuko sijapewa.

Bibi Naw Thay, aliyekaa karibu yangu siku ile ya picha, naye ana malalamiko ya vifuko. Ulimwuliza kwa nini asimguse anayecheka, naye akakujibu, ingawa sidhani ulitafsiriwa: "Nimchekee Naw Hser Mu ya nini? Nina neno naye, na ninajua anapolala."

4. Hili ndilo zito. Mke wangu, Naw Lweh, aliacha kwenda kupimwa presha. Enzi za wageni, msaidizi angekuja, ningesema hayupo, angeandika kwamba hayupo, na mambo yangeisha. Naw Hser Mu alikuja mvua ikinyesha, kipimo amekificha ndani ya blauzi. Nilisema hayupo. Alisema sawa, akaketi, akaanza kunichambulia mchicha. Mke wangu alikuwa nyuma ya gunia la mchele. Alivumilia mpaka akapiga chafya. Naw Hser Mu alimpima, akakitazama kipimo. Alitoka akawaita vijana na machela, wakamvusha mlima hadi hospitalini, yeye akimshika mkono njia nzima. Daktari wa huko alisema wangengoja hadi kesho wasingehitaji machela.

Mke wangu amerudi. Anatembea, anaimba kanisani, na ametupa chungu chote cha samaki. Ninakula wali na majani yaliyochemshwa. Nimeonewa katika nyumba yangu mwenyewe.

Kwa hiyo naomba wageni warudishwe. Ikishindikana, naomba kitu kidogo: niletewe mkalimani wa kukaa kati yangu na Naw Hser Mu. Lugha yetu ni moja, hilo ninalijua. Ndiyo shida yenyewe.

Nisalimie wote ofisini kwenu, na dereva aliyesukuma gari, na mama yako, ambaye ulisema hujamwona tangu mwaka mpya. Nenda ukamwone.

Wako katika malalamiko,
Saw Kler Doh

Nyongeza. Nimemsomea mke wangu barua hii. Ameniuliza, "Na wale wageni, uliwahi kuwalalamikia nini?" Nimefikiri mpaka chai imepoa. Dawa za kifua zilipokwisha na mtaa mzima ukakohoa hadi Krismasi, tulimfumia daktari shali. Utamlaumuje mtu aliyemwacha mama yake mbali namna ile, naye mwezi ujao anaondoka? Naw Hser Mu ndiye tunayemkunjia uso, kwa sababu kesho yupo. Tafadhali futa namba moja, tatu na nne. Ya pili iache. Saa ya chakula kweli haijulikani. Na kama tayari umeandika kwamba wageni warudi, basi njoo tena baada ya mvua na picha zako. Utaona jinsi tutakavyomgusa anayecheka, sote, bila kukosa hata mmoja.