Meza ya Babu Iliyozaliwa Alhamisi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Habari kubwa! Mama mkwe anahamia nyumba ndogo na meza yake ya kale haitaingia. Ile nyembamba, yenye miguu ya kuchongwa, inayoegemezwa ukutani karibu na mlango kwa ajili ya funguo, maua na kumfanya mgeni ajione maskini. Alirithi kwa mama yake, aliyerithi kwa wake. Amesema itakwenda kwa binti ambaye nyumba yake inajua kutunza vitu.

Mabinti ni wawili. Mmoja ni mke wangu. Mwingine ameolewa na mwanyumba wangu, ambaye humu nitamwita Bwana Kioo, kwa sababu mlangoni kwake pana meza ya kisasa ya kioo na chuma anayoiita "konsoli", tena kwa pua. Kila nikienda kwao huniomba nisiiguse. Kana kwamba nimetoka nyumbani kwenda kupapasa meza za watu. Kipya kinyemi ingawa kidonda!

Mke wangu anaitaka meza ya mama yake kwa moyo wote. Alijifunza kusimama akiwa ameshika mguu wa meza hiyo. Leo alisimulia hivyo na machozi yakamlengalenga. Akasema atampigia mama yake simu amwombe tu. Nikacheka mpaka nikakohoa. Kuomba! Mambo haya yanataka mkakati. Nikamwambia aniachie mimi. Akanyamaza. Nimeuchukulia ukimya huo kuwa ni heshima.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mkakati wenyewe: mama mkwe akija kututembelea Jumapili akute na sisi tuna meza ya kale, ya marehemu babu yangu. Aone kwamba hapa wanaishi watu wenye asili. Tatizo ni dogo. Babu hakuacha meza. Aliacha redio bubu na ugomvi wa mpaka wa shamba.

Nimekwenda duka la samani. Muuzaji alinielimisha huku akinitazama viatu. Ya kale, alisema, ni ile iliyokwisha kuwazika wenyewe. Ya zamani kidogo ni ile aliyoitupa baba yako na wewe sasa unaitafuta kwa tochi. Ya kisasa ni ile itakayolegea kabla hujaizoea. Nikauliza bei ya ile ya kale. Akanitajia. Nikatoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka miadi.

Basi nimeagiza mpya kwa seremala. Uzee nitautia mwenyewe. Akili ni mali!

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Meza iko tayari. Nzuri kupita kiasi, kwa bahati mbaya. Seremala aliipapasa wakati wa kuagana nayo. Nilipomuuliza kama ana mnyororo wa kuichapia, alidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza kwa kirefu. Akakaa kwenye benchi lake, kisha akaniomba jambo moja tu: nisimwambie mtu yeyote kwamba aliyeitengeneza ni yeye. Mafundi wengine wote niliokutana nao huomba kinyume.

Nimeazima mnyororo wa mbwa wa jirani. Jirani aliuliza mbwa sasa atafungwa na nini. Nikamjibu kwamba mbwa mwema hufungwa na malezi. Nimeichapa meza uani mchana kutwa. Mke wangu alitoka, akatazama, akarudi ndani. Kimya tena. Wahenga walisema kitu kuhusu kimya kingi, ila nilikuwa katikati ya kazi.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Rangi ya uzee hutoka kwenye chai. Nimeimwagia meza birika zima lililobaki asubuhi. Matundu ya wadudu nimeyapiga kwa msumari, moja moja, hadi kidole gumba kikavimba.

Wakati nakitia kidole maji, mbwa wa jirani, ambaye malezi yake yana kasoro, aliingia uani akautafuna mguu wa meza. Nilitaka kulia. Kisha nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja. Uzuri ulioje! Ameiongezea umri wa mzee mzima. Nikamwachia na mguu wa pili ili zilingane pande zote.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Kumbe chai ilikuwa na sukari. Sisimizi wamehamia. Safu yao inatoka dirishani, inapanda mguu uliotafunwa, inaingia kwenye matundu yangu. Nimefurahi sana. Wadudu halisi, na sikuwalipa!

Bwana Kioo alipita kusalimia, yaani kupeleleza. Akaizunguka meza mikono ikiwa nyuma. Akauliza ilikuwa wapi miaka yote. Nikasema kijijini. Akauliza mbona sijawahi kuitaja. Nikasema sisi si watu wa kujisifu. Akakubali, akasema hata yeye angekuwa na meza kama hiyo asingeitaja. Wivu mtupu! Aliondoka akijikuna.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alikuja kwa pikapu, nyuma kuna mzigo umefunikwa turubai. Mzigo haukunishughulisha. Nilikuwa na hotuba kichwani. Nikamwamkia, nikampokea mkoba, nikamsimamisha mbele ya meza. Nikamweleza kwamba ni ya babu, kwamba tumeitunza sisi tangu alipofariki, na kwamba katika nyumba hii vitu vya wazee ni amana.

Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye makovu ya mnyororo. Akainama akaikagua miguu, akauliza kwa upole meno yale ni ya nani, au babu alikuwa na njaa. Nikasema ni umri tu, mama. Akasema umri anaujua. Meza yake ina umri mkubwa kuliko sisi wote pale, wala haina mkwaruzo, kwa sababu huifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye mafuta, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Hapo sisimizi mmoja akampanda mkononi. Akampuliza taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "kama ya babu yako umeitunza hivi, yangu utaifanya kuni."

Akatoka, akamwambia dereva mzigo usishuke, wapitilize moja kwa moja kwa binti mwingine.

Mzigo! Upepo uliinua pembe ya turubai nikauona mguu wa kuchongwa, unang'aa kama umetoka kwa seremala leo. Jioni ndipo mke wangu aliponiambia kwamba alikuwa amepiga simu Jumatatu ile ile. Aliomba tu. Mama yake akakubali hapo hapo. Alinificha ili anifurahishe. Meza ilikuwa inakuja kwetu! Ningelala wiki nzima, ingekuwa mlangoni kwangu sasa hivi.

Mke wangu angeweza kuiokoa kwa neno moja, kwamba takataka ile ilizaliwa Alhamisi. Lakini neno hilo lingemwambia mama yake kwamba mumewe ni mwongo. Alinitazama, akanisitiri. Kisha akaenda kwenye pikapu, akaingiza mkono chini ya turubai, akaushika mguu wa meza yake mpaka gari lilipoondoka. Niliona aibu. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba, mbwa akanifuata.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Bwana Kioo ametuletea ile konsoli yake, maana mlangoni kwake hapana nafasi tena. Ameomba tusiiguseguse. Meza ya babu iko jikoni, vipande vipande. Inawaka vizuri, mama mkwe alisema kweli.

Hata hivyo, mama mkwe amebakiwa na kabati moja ambalo halijapata mwenyewe. Nimekaa nikatafakari kwa makini nikaliona kosa langu. Mnyororo ulikuwa mwembamba! Na chai, bila shaka, isiwe na sukari. Nimeagiza kabati jipya kwa seremala mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza akiniona hufunga mlango. Mnyororo nitaazima kwa mwenye lori. Mbwa tumeshaelewana.

Asubuhi hii mke wangu amefungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Amesema kabati nalo atampigia mama yake simu amwombe tu. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nimemwambia aniachie mimi.