Matairi ya Kumpandisha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Jana nilijaribu mlima wa mizinga ya nyuki kwa pikipiki yangu ya magurudumu manne. Nilipanda kidogo, nikateleza, nikarudi kinyumenyume hadi ndani ya ua wa Kaka Mkubwa. Naye yupo palepale, anaupunguza kwa panga. Hakucheka. Kauliza tu kama nakwenda au narudi.

Nilikuwa najaribu njia kwa ajili ya Baba. Macho yamemwisha, na sasa kifua. Daktari kasema tumpe anachotaka. Anachotaka ni kimoja: kupandishwa juu akasikilize nyuki wake. Asali haitaki. Kusikiliza tu.

Kaka Mkubwa kashauri tufunge kiti kwenye miti miwili, watu wanne tumbebe. Nikamwambia Baba si gunia la viazi.

Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: kila jambo jema la nyumba hii kalifanya Kaka Mkubwa. Paa kaezeka yeye. Bomba la maji kavuta yeye. Hata kuzaliwa kaniwahi. Hili la nyuki ni langu.

Nimekwenda kwa Fundi Upepo, mziba matairi wa njia panda. Kayabonyeza matairi yangu kama anayepima maparachichi. Kasema haya ya kiwandani ni ya kuzungukia uwanja wa mpira. Nahitaji makubwa, yenye meno marefu ya kung'ata matope. Yatakuja na lori la Alhamisi.

Nimemwambia Baba: Ijumaa. Kasema sawa, nyuki hawahami kesho.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Njia imekauka kabisa. Kaka Mkubwa kaja asubuhi na kiti, miti, kamba na majirani wawili. Kasema leo ndiyo leo.

Nimekataa! Nimewaambia kawia ufike. Mke wangu, aliyekuwa anamnywesha Baba dawa, kajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sijui yuko upande wa nani.

Wakamgeukia Baba. Kasema, "Mwacheni Kitinda. Kaniahidi."

Kitinda ni mimi, kitindamimba wake. Nimeona fahari mpaka nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Alhamisi, 6 Machi

Lori limeleta matairi mawili. Mawili! Mengine Jumamosi. Fundi Upepo kashauri tufunge haya mawili nyuma kwanza. Tumefunga. Pikipiki imeinama mbele kama mbuzi anayekunywa maji. Tumefungua.

Baba kaulizia Ijumaa. Nimemwambia Ijumaa imesogea. Kakohoa muda mrefu.

Jumamosi, 8 Machi

Yamekuja yote. Makubwa! Meusi! Yananukia upya. Mke wangu kauliza trekta lenyewe liko wapi.

Kufunga hakukuwa shida. Shida ni kukata kona. Ukikata kushoto, tairi linasaga madigadi. Fundi Upepo kachukua msumeno, kakata madigadi. Likasaga sehemu ya kukanyagia. Kakata na hapo. Sasa inakata kulia vizuri sana. Kushoto, kidogo. Fundi Upepo kasema sehemu nyingi duniani mtu anaweza kufika kwa kulia tu.

Nimemwambia Baba: kesho, bila kukosa.

Jumapili, 9 Machi

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nimemkuta Baba kakaa barazani, kavaa koti lake zito, bomba la kufukizia moshi kalipakata. Mke wangu anasema kavaa tangu kabla ya chai, kajifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja.

Nikasema nijaribu kwanza mzunguko mmoja. Pikipiki ikazunguka magurudumu palepale na kutupa udongo ukutani. Nimeita Fundi Upepo. Katazama meno. Kakuna kichwa. Kasema kuna mshale ubavuni, na mshale unatakiwa kutazama mbele. Yetu yote manne yanatazama nyuma. Tumeyafunga kinyume! Kwa hiyo nina pikipiki hodari kwa kurudi nyuma, kazi ambayo hata yale ya zamani yaliifanya.

Fundi kayavua yote, kaipandisha pikipiki juu ya matofali, kaondoka na matairi kwenda kuyageuza. Nikamwambia Baba ni kesho. Kasema haidhuru, lakini je, hawezi kuikalia tu?

Nimemnyanyua. Mwepesi mno. Sikujua. Nimemweka kwenye kiti cha pikipiki, nikamshikisha usukani, nikakaa nyuma yake nimkumbatie asianguke. Kasema washa. Nikawasha.

Tukakaa hivyo, juu ya matofali, hatuendi popote.

"Tumefika wapi?" kauliza.

Nikamwambia tuko kwenye mwamba wa njiani, tunakata kona.

"Kulia au kushoto?"

Nikasema kulia. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha kaegemeza mgongo kwangu, kasema wakati wa maua mizinga huvuma hivihivi, ukiweka sikio. Tumekaa mpaka mafuta yakaisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Fundi Upepo karudi na matairi, mishale inatazama mbele. Nikaenda kujaribu peke yangu, maana Baba hatoki kwenye mvua.

Nimepanda! Pale nilipoteleza nimepapita kama najipaka mafuta. Nimepiga kelele za ushindi. Hakukuwa na mtu wa kuzisikia. Nimeuona mzinga wa kwanza kwa mbali.

Halafu harufu. Moshi. Fundi Upepo anasema matairi ni mazito mno kwa injini hii, mkanda unaozungusha magurudumu umeungua. Mkanda mpya: lori la Alhamisi.

Nimeshuka kwa miguu. Nimepishana na Kaka Mkubwa, katazama viatu vyangu, kanishika bega, kapita. Heri angenitukana.

Jumatano, 12 Machi

Baba amefariki asubuhi. Kaka Mkubwa alikuwa kamshika mkono huu, mke wangu ule.

Mimi nilikuwa kwa fundi, kuulizia mkanda.

Ijumaa, 14 Machi

Tumemzika juu, karibu na mizinga, kama alivyowahi kusema.

Njia ilikuwa kavu. Tulikuwa wanne tuliobeba jeneza. Kaka Mkubwa kanipa nafasi ya mbele bila kuniuliza. Hakuna aliyeteleza. Tulipumzika mara moja tu, pale kwenye mwamba. Kumbe ni karibu hivyo! Mtu unafika kabla jasho halijakutoka vizuri. Kona ile, kwa taarifa, ni ya kushoto.

Watu walipoanza kushuka, nimeweka sikio kwenye mzinga. Ni kweli. Zinafanana kabisa, sauti mbili hizo. Nikageuka nimwambie mtu. Nimemkuta Kaka Mkubwa kakaa chini kwenye majani na suti yake, analia kama mtoto. Kasema kosa ni lake, Jumanne ile angembeba tu, asingesikiliza mtu. Nikakaa kando yake. Nilitaka kumwambia kosa ni langu. Nikampa leso.

Tuliporudi, mkanda ulikuwa mezani. Umekuja tangu jana.

Jumanne, 25 Machi

Shangazi kafika leo, dada mkubwa wa Baba. Siku ya maziko alikuwa kalazwa kwa sababu ya miguu. Kasafiri siku nzima ili aone alipolala mdogo wake, na kesho kutwa anataka kurudi kwake. Kaka Mkubwa kasema twende sasa hivi, hakuna mvua, atamshika yeye mkono huu na mke wangu ule, polepole watafika. Mke wangu alikwisha vaa viatu.

Nimewazuia. Mama mzima na miguu ile, apande mlima! Nimemweleza Shangazi kwa utulivu. Mkanda mpya ninao. Matairi sasa hayana tatizo lolote, tatizo ni kona moja tu ya kushoto, na kona hiyo Fundi Upepo keshaipatia dawa: winchi. Unafunga waya kwenye mti, pikipiki inajivuta yenyewe. Shangazi atakaa kama malkia. Inakuja na lori la Alhamisi. Ijumaa asubuhi atakuwa juu.

Mke wangu katoka nje. Kaka Mkubwa kanitazama muda mrefu.

Shangazi kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia nina hakika.

Kasema sawa, mwanangu, na kavua viatu.